Mbudya na Bongoyo kwa Tanga: Mwongozo kwa Mwenye Mfuko Mwembamba

Ukisimama ufukweni Mbezi Beach, Dar es Salaam, ukatazama baharini, visiwa viwili unaviona bila darubini: Bongoyo karibu mbele yako, na Mbudya kushoto, upande wa Kunduchi. Kati yao kuna Pangavini, kidogo, chenye kingo za jiwe la matumbawe. Kaskazini zaidi liko Fungu Yasini, ambalo ni mchanga tu. Vyote vinne vilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975 na leo viko chini ya Hifadhi za Bahari. Watu wengi huvifikia kwa boti ya faiba yenye mashine, kisiwa kimoja kwa siku. Mwongozo huu ni wa anayetaka kuunganisha Bongoyo na Mbudya kwa ngalawa ya tanga, alfajiri hadi alasiri, bila kugusa hela ya kodi ya nyumba. Msimamo wangu ni kwamba bei ya safari hii hupangwa na mwezi na upepo kabla haijapangwa na mwenye chombo. Anayekosea siku hulipia mafuta, hulipia kusubiri, na mwisho hulipia hasira ya nahodha.

Hatua ya kwanza: hesabu mwezi

 Kwetu, siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3. Ufukwe ulioachia chombo asubuhi unaweza kuwa uwanja wa mpira saa nne.

Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Siku hizo, pwani ya Dar es Salaam, maji hujaa alfajiri kwenye saa kumi, hupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi, kisha hujaa tena saa kumi jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hiyo baada ya juma moja mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne asubuhi, ila ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana.

Siku za aina zote mbili zinafaa, mradi ujue uko wapi. Ukienda bamvua, ondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla maji hayajakimbia, urudi saa kumi jioni yakiwa yamejaa. Ukienda maji mafu, unaweza kuondoka saa mbili bila wasiwasi. Kosa la watu wa mjini ni kufika bamvua saa nne, na mafuta ya kujipaka mkononi, wakati chombo kimelala mchangani na ndubi zake, zile mbao za ubavuni zinazokizuia kisipinduke, zimekauka. Hapo ama ungoje, ama ukodi mtumbwi mdogo wa kukufikisha kwenye chombo kingine, na kila kimoja kina bei yake.

Kama hujui kusoma jedwali la maji, nenda ufukweni Kunduchi siku mbili kabla, umtafute mtu mzima anayeshona nyavu.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu."

"Jumamosi maji yanakaaje?"

"Jumamosi bamvua. Njoo saa kumi na mbili, au usije."

Jibu hilo litakuokolea pesa nyingi kuliko ubishi wowote wa bei.

Hatua ya pili: anza na kisiwa kilicho upande wa upepo

Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba, na Juni hadi Agosti ndipo lina nguvu zaidi. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Katikati ni maleleji, upepo usio na msimamo. Mimi ningechagua Oktoba au Novemba, bahari ikiwa imetulia, au Machi kabla masika hayajakolea.

Sasa tazama visiwa vilivyopangana: Bongoyo kusini, Mbudya kaskazini. Wakati wa kusi, anza Bongoyo, kisha ushuke Mbudya upepo ukiwa mgongoni, halafu uingie Kunduchi ukiwa na upepo wa ubavuni. Wakati wa kaskazi geuza: Mbudya kwanza, Bongoyo baadaye. Ukifanya kinyume utabisha, yaani chombo kitakwenda kwa kukata upepo huku na huku, na mwendo wa saa moja utakula asubuhi nzima. Ndipo baharia anapoitazama mashine yake ndogo ya akiba, na wewe unatazama pochi.

Kuna pia upepo wa siku. Alfajiri umande hutoka nchi kavu kwenda baharini, mwanana, na kuanzia saa sita upepo wa bahari huamka kuelekea pwani. Wavuvi wa hapa wameishi kwa mpango huo siku zote: umande uwatoe, upepo wa mchana uwarudishe. Fuata hivyo hivyo.

Jioni ya kuamkia safari, sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisikia tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa au mawimbi ya mita 2, ahirisha. Usiombe ushauri mwingine.

Hatua ya tatu: kagua chombo kabla ya kuuliza bei

Ngalawa ya kuvulia si lazima iwe na ruhusa ya kubeba abiria. Uliza leseni, na uulize kama chombo kimekaguliwa na TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Nahodha wa kweli haudhiki na swali hilo.

Kisha inama utazame. Kamba zinazofunga miti ya ndubi zisiwe zimechanika nyuzi, maana ndubi ikichomoka ngalawa inapinduka. Tembeza mkono kwenye tanga pale linapofungwa kwenye foromali, mti unaobeba tanga, ndipo huanza kutoboka. Angalia henza, kamba ya kutwekea, inavyopita kichwani kwa mlingoti; ikikwama, tanga halitateremka siku utakapotaka literemke haraka. Chini pawe na dumu lililokatwa la kufulia maji. Maji kidogo ndani ni kawaida ya gogo la mwembe. Maji yanayorudi mara tu baada ya kufuliwa si kawaida, tafuta chombo kingine. Jaketi okozi ziwe sawa na idadi ya watu, na zivaliwe, zisikaliwe kama mito.

Hatua ya nne: patana

Chombo hukodiwa kizima, kwa hiyo wingi wenu ndio punguzo lenu. Watu sita wakichanga wanakwenda kwa nafuu; watu wawili wanabeba mzigo wote. Lakini msizidi idadi iliyoandikwa kwenye leseni hata nahodha akikubali.

Maneno ya kumaliza ufukweni ni haya: visiwa viwili au kimoja, kurudi saa ngapi, posho ya baharia imo au haimo, na upepo ukifa mafuta ya mashine ni ya nani. Hilo la mwisho ndilo linaloleta ugomvi kila mara, litajeni kwa sauti. Toa nusu, nusu nyingine mkirudi. Kiingilio cha hifadhi ni kitu kingine kabisa, kina risiti ya serikali, na Mtanzania halipi sawa na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Kuhusu Zanzibar: kuna vijana watakaokuambia ngalawa inafika. Inafika kweli, lakini mkondo ule si wa matembezi. Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, siku ya upepo mkali. Zanzibar panda boti ya abiria.

Hatua ya tano: mzigo

Maji ya kunywa ya kutosha, maana kisiwani hakuna bomba. Chapati na mihogo ya kuchemsha. Samaki na chipsi vinapatikana Mbudya na Bongoyo, ila familia nzima ikiagiza, akiba yote ya tanga imekwisha. Yeboyebo za kukanyagia mwamba na miiba ya bahari. Kofia yenye kamba. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, tumia kikapu.

Hatua ya sita: mkiwa majini na visiwani

Kaa unapoelekezwa. Ngalawa ikilala upande mmoja, baharia atakuambia uhamie wa pili. Hama kwa kukaa, usisimame. Kichwa kiwe chini foromali linapovuka.

Kisiwani, upande unaotazama bara ndio wenye mchanga na maji matulivu. Upande wa bahari kuu una miamba na mawimbi, usiogelee peke yako. Kombe na matumbawe hayaondoki, ni hifadhi. Nahodha akisema twende, ondokeni hata kama samaki hajaiva. Yeye anatazama maji, nyinyi mnatazama jiko.

Mkishuka bara, mpe nahodha nusu yake mkononi, na ya baharia mbali. Bajaji hadi kituo cha Africana, kilichobaki na jina la hoteli ya zamani ya ufukweni. Daladala za Mwenge jioni huwa zimejaa, na konda hampendi abiria mwenye nguo mbichi, basi kanga kavu ikae kwenye mfuko ambao haukufunguliwa kutwa nzima.