Ukiporwa Pasipoti Delhi

Watu wengi wa Afrika Mashariki huenda India kutibiwa, kusoma au kununua mzigo. Ukiporwa pochi huko, pasipoti na fedha zikiwa humo, anzia polisi. Namba ya dharura ni 112. Usiondoke kituoni bila nakala ya ripoti ya upotevu, kwani ubalozi wako New Delhi utaidai kabla ya kukupa hati ya dharura ya kusafiria. Tena hati hiyo peke yake haitoshi: viza imepotea pamoja na pasipoti, kwa hiyo unahitaji kibali cha kutoka nchini kutoka ofisi inayosajili wageni, FRRO. Usikate tiketi kabla ya kukipata.

Shughuli hizo huweza kuchukua siku kadhaa, na mfukoni huna kitu. Utakula wapi?

Nenda gurdwara, hekalu la Masingasinga. Kila gurdwara ina langar, jiko linalolisha yeyote aingiaye bila malipo, na hakuna atakayekuuliza dini wala kabila lako. Bangla Sahib iko katikati ya Delhi. Kule Amritsar, Hekalu la Dhahabu hulisha makumi ya maelfu ya watu kila siku. Wanaosafiri kati ya Mombasa na Nairobi wanaujua ukarimu huu kutoka Makindu, ambako Masingasinga waliofanya kazi ya reli walijenga gurdwara mwaka 1926, na hadi leo msafiri hukaribishwa chakula. Basi usione haya.

Vua viatu, nawa mikono, funika kichwa. Vitambaa huwekwa mlangoni. Usiingie na sigara wala pombe. Keti chini pamoja na wengine, pokea chapati kwa mikono miwili, na usibakishe chakula. Utapewa dengu, mboga na wali. Nyama haipikwi humo, hivyo Mwislamu hana wasiwasi wa halali.

Gurdwara nyingi kubwa zina vyumba vya wasafiri kwa siku chache. Wakitaka kitambulisho, onyesha ripoti ya polisi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ingia jikoni, osha sahani, sukuma chapati. Kazi hiyo wanaiheshimu mno, na hapo ndipo utakapofahamiana na wenyeji watakaokuelekeza njia ya ubalozini.

Lakini jihadhari na msaada unaokufuata wenyewe stesheni: mtu anayekwambia hoteli yako imefungwa, au ofisi ya tiketi imehamia kwingine, twende nikupeleke. Mkatalie kwa adabu, uendelee na safari yako. Namba ya siri ya benki usimpe mtu yeyote, hata aliyekulisha.

Kabla ya kuondoka nyumbani, mwachie ndugu nakala ya pasipoti na viza, na uandike namba ya ubalozi kwenye karatasi uiweke mbali na pochi, maana simu nayo huibwa.