Nyumba Hupangwa kwa Maswali

Mafundi seremala wa Musoma na Bunda hawakosi kazi ya makabati. Hata hivyo, ndani ya nyumba zenye kabati jipya bado utakuta watu wanapekua chini ya magodoro wakitafuta kadi ya kliniki, huku bodaboda anapiga honi nje. Kabati huongeza mahali pa kuweka vitu, lakini halimwambii mtoto wa darasa la tano arudishe wapi mkasi. Nyumba hupangika watu wanapoulizana, na anayefaa kuulizwa mara nyingi si mwenye nyumba.

Chukua tochi. Baba ndiye aliyeinunua, kwa hiyo inatundikwa chumbani kwake. Lakini anayeihitaji saa nne usiku ni binti anayekwenda kufunga banda la kuku, au bibi anayetoka kwenda chooni. Wote wawili wanaona haya kugonga mlango wa baba, basi binti anatumia mwanga wa simu mpaka chaji inaisha, na bibi anapapasa ukuta. Kabla ya kukipa kitu makao, mwite anayekitumia umuulize mambo mawili: unapokihitaji unakuwa umesimama wapi, na gizani mkono wako huanza kukitafuta upande gani? Piga msumari pale pale. Kitu kilichowekwa mahali ambapo mkono wa mtumiaji hufika kwanza hurudishwa bila kelele, maana kukirudisha ni rahisi kuliko kukitupa.

Usijaribu nyumba nzima kwa Jumamosi moja. Utaishia na vitu vyote uani na mvua ya vuli inanukia. Anza na kona inayoleta ugomvi. Kwa familia nyingi ni mlangoni, panapogombaniwa panga, jembe, kandambili na kamba ya mbuzi. Kwa nyingine ni ile meza moja ya chaja za simu.

Vipo vitu ambavyo kanuni hii haivihusu. Dawa za hospitali, mafuta ya taa, na hasa viuatilifu vya pamba, haviwekwi mkono unapofika kwanza. Vinawekwa mkono wa mtoto usipofika. Kwa wakulima wa pamba wa Bunda jambo hili halina mjadala. Kiuatilifu kibaki kwenye chupa yake yenye maandishi, kifungiwe nje ya chumba cha kulala na nje ya jiko, na kisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.

Karatasi ndizo hutesa zaidi. Faili tatu za kawaida za madukani zinatosha familia nyingi: moja ya watu, moja ya mali, moja ya afya. Faili ya watu ibebe vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya shule na nakala za vitambulisho vya NIDA. Hapo usihifadhi tu, soma. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Zilinganishe na cheti cha kuzaliwa, kisha linganisha majina herufi kwa herufi na cheti cha shule. Je, ni Nyangeta hapa na Nyangheta kule? Ni Magesa au Magessa? Tofauti ya herufi moja haina uzito mpaka siku kijana anapoomba mkopo wa chuo, maana Bodi ya Mikopo hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Anayegundua kasoro mtoto akiwa kidato cha pili ana muda wa kuirekebisha. Akiigundua dirisha la maombi likiwa wazi, atalala stendi.

Faili ya mali ikae na stakabadhi za chama cha ushirika (AMCOS), risiti za vifaa vyenye dhamana na karatasi za kiwanja au shamba. Namba ya mita ya umeme ya LUKU, ambayo wengi huikariri vibaya, iandike kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango. Ya afya nitaigusa baadaye, maana inahitaji mtu ajue kuuliza.

Na kuuliza ndiko kunakotushinda. Sisi wa mkoa wa Mara tunasifika kwa kusema bila kuzunguka, na sifa hiyo ni ya haki. Ila kusema na kuuliza ni kazi mbili. Mtu atakueleza wazi kwamba umekosea kujenga banda, lakini atanunua paneli ya sola na kuondoka dukani bila kuuliza betri yake itawasha taa ngapi kwa saa ngapi. Kuuliza tumekufanya kuwe kujianika.

Haikuwa hivyo sikuzote, na wa kuthibitisha hilo pengine anaishi nyumbani kwako. Muulize bibi au babu aliyekuwa mtu mzima mwaka 1973 kuhusu kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili nchini waliingia katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio pamoja, wakasomewa kijitabu, wakaulizana: katika kijiji chetu maji machafu yanatoka wapi, choo cha nani kimejaa, vichaka hivi karibu na nyumba vina kazi gani? Baada ya hapo walitoka kwenda kuchimba na kufyeka. Mwaka uliofuata, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Musoma na kuamua elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Nyuma ya yote hayo alikuwepo mzaliwa wa Butiama, Mwalimu Nyerere, aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934, na ambaye katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 alitaka mwanafunzi wa Kitanzania awe na akili ya kudadisi. Nionavyo, madarasa tuliyapata zaidi kuliko udadisi. Lakini utaratibu wa vile vikundi vya redio unaweza kurudishwa nyumbani bila redio.

Fanya hivi. Jumapili jioni baada ya chakula, watu wakae dakika ishirini. Si kikao cha kuhukumiana. Mwenye mashtaka ayapeleke siku nyingine. Yaulizwe mambo matatu tu: wiki hii tumetafuta nini tukakikosa, nini kimeisha au kinakaribia kuisha, na nani ana jambo asilolielewa? Mdogo kuliko wote aanze. Akianza baba, wengine watarudia ya baba. Mtoto mmoja mwenye mwandiko unaosomeka aandike kwenye daftari linalokaa mahali pamoja, lenye kalamu iliyofungwa uzi. Jambo lisilo na jibu pale pale liandikwe pamoja na jina la atakayekwenda kuuliza, na la atakayeulizwa: mwalimu, muuguzi, bibi shamba, fundi, mwenyekiti wa kitongoji. Likikosa jina la mtu, litabaki kwenye daftari mpaka daftari liishe.

Mengine hayaulizwi mtu. Gunia la mahindi lenyewe linajibu. Wengi hutafuna punje moja, wakisikia inavunjika wanasema imekauka. Kuna njia bora na ya bei ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye mfuniko. Tia punje mpaka theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chai vya chumvi uliyoianika ikakauka, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Ikidondoka yote chini, yanafaa kuhifadhiwa.

Jibu hilo ni la lazima kwa anayetumia ile mifuko ya matabaka matatu ya kuzuia wadudu. Mifuko hiyo haina dawa ndani. Dumuzi na fukusi hufa kwa kukosa hewa. Ukifungia mahindi mabichi humo, wadudu watakufa kweli, lakini ukungu utastawi, na ukungu ndio huleta sumukuvu. Andika tarehe ya kufunga juu ya kila mfuko, na mkubaliane ni upi utafunguliwa kwanza, maana mfuko unaofunguliwa kila siku kwa ajili ya kibaba kimoja ni gunia la kawaida lililouzwa ghali.

Sokoni nako kuna namna ya kuuliza. Muuza dagaa ukimuuliza kama dagaa wake ni wazuri, umempa kazi ya kusema ndiyo. Muulize wameanikwa wapi, mchangani au kwenye kichanja, na wametoka mwalo upi. Dagaa wa mchangani hukwaruza meno hata ukiwaosha mara tatu. Ndivyo ilivyo kwa kila muuzaji: swali lenye jibu la ndiyo au hapana halikupi kitu, bali lile la wapi, lini na kwa namna gani humlazimisha aeleze, na maelezo ndiyo yanayopimika.

Kwa muuguzi, fika na kadi, na maswali uliyoyaandika kabla hujaondoka nyumbani, maana foleni husahaulisha. Dawa hii inywewe kabla au baada ya kula? Mpaka lini, hata nikijisikia nimepona? Nikisahau dozi moja nifanyeje? Dalili ipi ikitokea nirudi haraka? Kisha rudia kwa maneno yako mwenyewe: “Kwa hiyo, dada, asubuhi kimoja, jioni kimoja, siku tano.” Ulichoelewa vibaya kitasahihishwa hapo hapo. Majibu yaandike kwenye karatasi ya dawa, na karatasi iingie kwenye ile faili ya afya pamoja na tarehe. Safari nyingine ukiulizwa mtoto alipewa dawa gani, hutajibu kwamba vilikuwa vidonge vyeupe.

Fundi wa pikipiki au wa sola usimuulize kwa maneno tu. Mwombe akuonyeshe, kisha umwambie, “Sasa fundi, nifanye mimi, wewe niangalie.” Mafundi wengi watakubali wasipokuwa na haraka, kwa hiyo usichague asubuhi ya siku ya gulio.

Jirani ndiye mgumu kuliko wote, na mfano mzuri ni pingili za mihogo. Katika vijiji vyetu pingili hutolewa bure, na kumhoji anayekupa bure huonekana kukosa adabu. Lakini magonjwa mawili makubwa ya muhogo husafiri kwa njia hiyo hiyo. Batobato utaiona kwenye majani yaliyojikunja yenye madoa ya njano. Michirizi ya kahawia ni msaliti: shina na majani yanaweza kuonekana ya afya, kumbe mzizi ndani una kuoza kukavu kwa rangi ya kahawia, usiofaa kwa udaga wala kuchemsha. Kwa hiyo kutazama shamba kwa macho hakutoshi, na kuuliza kama mbegu ni safi hakutoshi pia. Nenda siku jirani anapovuna. Beba jembe lako, msaidie kung'oa na kumenya. Kila mzizi unaokatwa mbele yako unakujibu bila wewe kumkosea mtu heshima. Ukiona kahawia ndani, mshukuru, mwonyeshe, na mkubaliane wote wawili kutafuta mbegu kwa afisa ugani wa kata. Ukimpelekea afisa huyo tatizo, mpelekee na ushahidi: mzizi uliopasuliwa, jani, au mdudu ndani ya chupa. Kumwambia mahindi yanaliwa na wadudu ni kumfanya akisie kati ya bungua na viwavijeshi vamizi.

Kwa wazee, hasa juu ya mipaka ya shamba, kijana hufika na swali lililokaa kama shtaka: mpaka wetu unaishia wapi? Mzee atanyamaza, akijiuliza nani amekutuma na kama unamtakia kifo. Anza na shikamoo, kaa, usitoe karatasi kwanza. Uliza historia: nani alilima hapa kabla ya babu, miti hii ya minyaa ilipandwa na nani, jirani wa upande wa mtoni wakati huo aliitwa nani? Akichangamka, mwombe siku nyingine mtembee mpaka wote kwa miguu, na majirani wa pande zote wawepo pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Andikeni kila alama, tarehe na majina ya waliokuwepo. Kijijini, maelezo hayo yatawasaidia mkiamua kuomba hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, maana hapo majirani huulizwa kuhusu mipaka. Kabla hamjaachana, msomeeni mzee yote mliyoandika kwa lugha anayoielewa kuliko zote, iwe Kizanaki, Kijita au Kiikizu, na mpeni muda wa kusahihisha.