SOMO LA AFYA: Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo



Wengi wetu tunamjua mtoto huyu. Ana miaka mitatu na bado hajakaa. Hulazwa chali kwenye mkeka, na wageni wakija mlango hufungwa. Mama yake haji mkutanoni. Majirani wanasema mtoto amerogwa, wengine ati ni adhabu. Leo tujifunze hali hii ni nini hasa, na sisi tunaweza kufanya nini.

NI HALI GANI?

Mtindio wa ubongo hutokea ubongo unapoumia wakati ungali unakua: mtoto akiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au akiwa bado mdogo sana. Ubongo ndio unaoamuru misuli. Ukiumia, mwili hukakamaa, au hulegea, au hujitikisa wenyewe bila mtoto kutaka.

Sababu zinazojulikana ni kama kuzaliwa kabla ya miezi kutimia, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa, homa ya uti wa mgongo, na malaria kupanda kichwani. Mara nyingine hata daktari haoni sababu. Lakini si uchawi, si laana, na hali hii haiambukizi. Watoto wengine wacheze naye bila hofu.

Tushike jambo hili moja: ubongo ulioumia hauponi, lakini jeraha lake haliongezeki. Kinachozidi kuharibika ni mwili usiposaidiwa. Mtoto akilala namna moja kutwa nzima, misuli hufupika na viungo hukaza. Kwa hivyo kazi kubwa iko nyumbani, kila siku.

DALILI ZA MAPEMA

Mpeleke mtoto zahanati ukiona:
- Miezi minne imepita na shingo bado haijakaza.
- Miezi tisa imepita na hawezi kukaa.
- Ngumi zimefungwa daima, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka mmoja.
- Miguu inapishana kama mkasi.
- Kunyonya au kumeza kunamshinda.

Usingoje ukisema "atakua tu". Akianza kusaidiwa mapema, hujifunza mengi.

KAZI YA KILA SIKU

1. Kulisha. Hapa ndipo wengi hupoteza maisha bila sisi kujua. Mtoto akilishwa akiwa amelala chali, chakula huingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Mketishe wima, kichwa kiinamie mbele kidogo. Chakula kiwe laini na kizito kiasi. Mpe kijiko kidogo, ngoja ameze, kisha kingine. Usimmiminie uji. Akimaliza, akae wima nusu saa.

2. Kubeba. Mwenye miguu inayopishana abebwe kiunoni au mgongoni kwa leso, miguu imetanuka. Kumbe njia ya nyanya zetu ilikuwa dawa!

3. Kukaa. Mtengenezeeni kiti. Katoni za dukani, zikigandishwa tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano na kukaushwa vizuri, hutoa kiti imara. Makalio yafike nyuma kabisa, nyayo ziguse chini, na meza ndogo iwe mbele.

4. Kunyoosha. Viungo vinyooshwe pole pole wakati wa kuoga na kuvaa. Usivute kwa nguvu. Mwombe mtaalamu wa tiba ya viungo akuonyeshe.

5. Kuzungumza. Asiyeweza kusema si lazima awe haelewi. Mwite jina, mpe nafasi achague kwa macho au mkono.

MRUDISHE HOSPITALI LINI?

Akikohoa na kupumua haraka, akikonda, au akipoteza jambo alilokuwa analijua tayari. Wengine hupata kifafa pia. Akishikwa, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, na ikipita dakika tano mkimbize hospitali. Akipewa dawa ya kifafa, isikatizwe ghafla. Chanjo apate zote kama watoto wengine.

Akifika umri wa shule, mpelekeni kituo cha EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini 1984 ili kupima watoto wenye ulemavu na kuelekeza wazazi kuhusu masomo.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Mama huyu hachoki kwa sababu ya mtoto tu. Huchoka kwa kuwa peke yake. Kumlisha mara moja huweza kuchukua saa nzima, na bado kuna maji, shamba na wengine nyumbani. Wanakikundi wawili wakijifunza kumlisha, mama atapata asubuhi moja ya kwenda sokoni. Zamu ya mchango wa mzunguko ikimfikia mapema, nauli ya hospitali itapatikana. Na baba asiachwe nje ya somo hili, maana mikono yake pia inaweza kushika kijiko.

Kuzuia nako ni kazi yetu. Tuhimize kliniki ya wajawazito, kuzalia hospitali, na kumkimbiza mtoto mchanga akiwa na umanjano au homa yenye degedege.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kijijini kwetu kuna mtoto anayefichwa? Nani atamtembelea mama yake wiki hii?
2. Tumewahi kusema maneno gani yaliyomfanya mama huyo afunge mlango?
3. Nani atakusanya katoni, na kiti kitakuwa tayari siku gani?

Tusifunge mkutano kabla ya kujibu swali la tatu.