Leza na Jicho Lenye Keratokonasi

Kijana amebadilishiwa miwani mara kadhaa, na bado akitazama taa usiku huziona zina vivuli na miali pembeni. Nyumbani wamesikia kwamba leza humaliza shida ya miwani, wameanza kuchanga fedha. Kabla ya fedha hizo kwenda popote, konea ipimwe.

Konea ni kioo angavu cha mbele ya jicho, na katikati unene wake ni takriban nusu milimita tu. Keratokonasi ni ugonjwa unaoikondesha hadi ikachomoza mbele kama pia. Kwa kawaida huanza katika umri wa ujana.

LASIK, upasuaji wa leza unaojulikana zaidi, hufunua tabaka jembamba la konea kisha huchonga sehemu ya chini yake. Kumfanyia hivyo mwenye keratokonasi ni hatari: konea iliyokwisha kukonda hupunguzwa tena. Tangu mwaka 1998 daktari wa macho Theo Seiler na wenzake walikwisha kueleza visa vya konea kutuna baada ya LASIK.

Seiler huyohuyo alikuwa miongoni mwa watafiti wa Dresden, Ujerumani, waliochapisha mwaka 2003 matokeo ya tiba ya kuimarisha konea. Jicho hutiwa matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kwa nusu saa, kisha humulikwa mionzi ya urujuanimno kwa nusu saa nyingine. Nyuzi za konea hushikana zaidi. Taa hiyo si leza, haikati kitu, na lengo lake kuu ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu sana. Wapo madaktari wanaoongeza leza kidogo ya juujuu kusawazisha konea, lakini kwa macho machache yenye unene wa kutosha.

Steven Holcomb wa Marekani, aliyekaribia kupofuka kwa keratokonasi, aliimarishwa konea kisha akawekewa lenzi ndani ya macho. Mwaka 2010 alishinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio za sleji. Mchezaji wa kikapu Stephen Curry, ambaye naye ana keratokonasi, hutumia lenzi za kuvaa.

Mtoto anayefikicha macho kila mara atibiwe mzio unaomwasha, maana kufikicha huharakisha ugonjwa. Na anayevaa lenzi amwambie daktari mapema: huenda akatakiwa kuzivua siku au wiki kadhaa kabla ya kipimo, kwa kuwa lenzi hubadilisha umbo la konea kwa muda.