Kabla Hujaagiza Spea za Land Rover ya Zamani

Zamani, mtu aliyetaka sili ya giaboksi ya Land Rover 109, ile ndefu, alikwenda dukani na ile mbovu mkononi. Muuzaji aliigeuza mara moja, akaingia stoo, akatoka na nyingine. Hakuhitaji kuuliza gari ni la mwaka gani. Maduka ya namna hiyo yamebaki machache. Wenyewe wamezeeka, na waliorithi biashara wameona faida iko kwenye spea za Toyota na Nissan, ambazo hazikai rafuni muda mrefu. Anayefufua Land Rover leo anaagiza kwa picha na namba, mara nyingi kutoka kwa mtu aliye Uingereza ambaye hajawahi kuliona gari lenyewe. Ule ujuzi uliokuwa kichwani mwa muuzaji sasa mnunuzi analazimika kuwa nao mwenyewe, na asipokuwa nao atalipia spea ileile mara mbili.

Makala hii inawahusu wenye Land Rover za Series, yaani zile zilizoanza kuonyeshwa Amsterdam mwaka 1948 na kuendelea kutengenezwa hadi 1985, pamoja na Defender zilizozifuata. Zimebaki nyingi kwa sababu bodi yake ni ya aluminiamu, haishiki kutu kama bati la chuma. Kinachooza ni chesisi. Afrika Mashariki zilikuwa gari la serikali, la misheni, la mashamba na la mbuga. Kenya ziliwahi hata kuunganishwa Thika, katika kiwanda cha Leyland. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikusanya mamia yake, na si zote zilikuwa za maonyesho: nyingine zilikuwa na vumbi la kazi ya wiki ileile. Kwa Kenya kuna sababu ya ziada ya kuyatunza magari yaliyopo, kwani sheria ya huko hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8.

Biashara yenyewe imegeuka kwa namna ambayo watu wengi hawakuitarajia. Kwa miaka mingi viwanda vya magari viliona spea za magari yaliyokwisha kutolewa sokoni ni mzigo wa ghala. Kisha bei za magari hayo zikapanda, na viwanda vikarudi. Land Rover walianza mwaka 2016 kuuza Series I walizozifufua wenyewe, mwaka uleule ambao Defender ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull, tarehe 29 Januari. Toyota wakaanzisha mpango wao wa kutengeneza upya spea za magari ya zamani, GR Heritage Parts, na baadaye wakaupanua hadi Land Cruiser 40, ambayo wasomaji wengi wa makala hii wanaijua vizuri kuliko hata Series. Marekani nako sheria huruhusu gari lililofikisha umri wa miaka 25 kuingizwa bila kutimiza masharti ya usalama ya magari mapya, basi kila mwaka Defender nyingine zinafikisha umri huo na wanunuzi wenye dola wanaingia sokoni. Mwenye 109 ya kubebea mkaa Iringa sasa anagombea boksi moja la spea na tajiri wa Texas. Hilo ndilo linaloeleza bei nyingi zinazoonekana hazina maana.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, lijue gari lako. Anza na kibati cha namba, kisha ulinganishe na namba iliyogongwa kwenye chesisi yenyewe, mbele upande wa kulia, karibu na mahali springi inapoanzia. Kwa Series nyingi za II hadi III, tarakimu za mwanzo hueleza aina ya gari, na herufi iliyo mwishoni hueleza toleo. Herufi hiyo wengi huipuuza wakidhani ni pambo. Toleo moja na linalofuata yanaweza kutofautiana giaboksi, na muuzaji wa ng'ambo atakuuliza hiyo herufi kabla ya kitu kingine.

Lakini kibati kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Miaka 50 ya gereji za kwetu imebadilisha mengi. Utakuta gari la 1969 lenye injini ya 1982, ekseli ya nyuma iliyotoka gari jingine, na nyaya ambazo hata aliyezifunga hawezi kuzieleza. Kwa hiyo angalia chuma chenyewe. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na krenki ya beringi kuu 3 hadi mwaka 1980, kisha ikawa na 5; ukiagiza seti isiyo yake, hakuna fundi atakayeifanya iingie. Ekseli ya nyuma nayo ni ya aina mbili. Ukilala chini ya gari na kuona mfuniko wa duara uliofungwa kwa bolti upande wa nyuma wa difu, hiyo ni Salisbury, iliyowekwa hasa kwenye 109 za Series III. Ikiwa nyuma ni laini na difu inatolewa kwa mbele, hiyo ni ya Rover. Ukishajua ni ipi, hafshafti na sili utaagiza bila wasiwasi. Breki pia: drum za 88, zile fupi, kwa kawaida ni inchi 10, za 109 ni inchi 11. Chukua futi ya kupimia, usichukue neno la mtu aliyekuuzia gari.

Jambo moja la umeme linaunguza vifaa kila mara. Land Rover za kabla ya 1967 hivi ziliunganisha upande chanya wa betri na bodi, kinyume na magari tuliyoyazoea. Fundi kijana akifunga alternata au redio bila kuangalia hilo, moshi utamfundisha. Kama gari lako ni la enzi hizo, uliza kwanza kama liliwahi kugeuzwa.

Ukishalijua gari, tafuta kitabu cha spea cha Series yako. Nakala zake zinauzwa, na bei yake ni ndogo kuliko kosa moja la kuagiza. Kila kipande kina namba: za zamani ni tarakimu tupu, za miaka ya British Leyland, kampuni iliyokuwa ikimiliki Land Rover, nyingi zinaanza na RTC. Zungumza na muuzaji kwa namba hiyo. Picha kwenye tangazo mara nyingi ni ya mfano tu, na maelezo ya "inafaa Land Rover zote" ni dalili kwamba muuzaji naye hajui.

Hapo ndipo linapokuja swali la asili ya spea, na soko la sasa limechanganya mambo makusudi. Namba moja inaweza kuuzwa kwa bei nne. Ya juu ni iliyo kwenye boksi la kiwanda cha gari. Inayofuata ni ya kampuni iliyokuwa ikikitengenezea kiwanda kipande hicho tangu awali, na ambayo sasa inakiuza kwa jina lake. Mara nyingi ni kitu kilekile bila boksi la bei, na mimi ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Kisha kuna nakala, ambazo ubora wake unaanzia mzuri sana hadi wa kutupa. Mwisho kuna spea mpya za zamani, zilizokaa stoo tangu enzi za Leyland.

Hizi za stoo zina sifa kubwa kuliko zinavyostahili. Gia, shafti, taa, kioo au kibao cha spidi cha 1970 ambacho hakijafunguliwa ni mali, tena huenda chuma chake ni bora kuliko cha leo. Lakini mpira unazeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Sili, hozi na vikombe vya masta silinda vilivyokaa rafuni miaka 40 vimekakamaa tayari, na vitavuja au kupasuka mguu wako ukiwa kwenye breki. Usinunue mpira wa zamani kwa bei yoyote. Na ukifunga mipira mipya ya breki, tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa DOT 3 au DOT 4. Oili ya injini au ya hidroliki huivimbisha mipira hiyo na kuiharibu.

Kwa upande wa nakala, kuna vipande viwili vidogo vinavyolaza magari porini: rota na kondensa za distributa. Nakala nyingi za rota zina ribiti inayoshikilia bati la juu, na umeme hupenya hapo ukaingia kwenye shafti. Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka, na fundi anamaliza siku nzima akifungua kabureta isiyo na kosa. Zipo rota zisizo na ribiti, nyingi zikiwa za rangi nyekundu, zilizotengenezwa kwa ajili ya tatizo hilo. Zinazidi bei kidogo tu. Kondensa iliyokuwa ikifanya kazi usiitupe ukiweka mpya. Iweke kwenye boksi la spana.

Na spana zenyewe ziwe za inchi. Series karibu yote ni ya vipimo vya inchi, na aliyekuja na spana za milimita ataacha nati zako zikiwa duara.

Si kila kitu kiagizwe. Springi, zile za mabamba yaliyopangwa, ni nzito, nauli yake inauma, na karakana za springi za Nairobi, Dar es Salaam na Arusha zinaziunda vizuri ukiwapa ile ya zamani kama kipimo. Hozi za maji, gasketi za karatasi, bushi za shaba, viti, maturubai na vipande vingi vya bodi vinapatikana au kuchongwa hapahapa. Kwenye mashine za injini tuna mafundi hodari, ila utaratibu wao lazima uheshimiwe: kwanza krenki ipimwe na kusagwa, silinda zipimwe, ndipo uagize beringi na pistoni. Krenki inaweza kuhitaji beringi iliyoongezwa inchi 0.010 au 0.020, na hutajua kabla haijawekwa kwenye mashine. Wakati kichwa cha injini kimefunguliwa, uliza kuhusu siti za valvu. Petroli yenye risasi iliondolewa kwetu kufikia 2006, na ile risasi ndiyo iliyokuwa ikizilinda siti laini za injini hizi. Siti za chuma kigumu huwekwa mara moja, habari ikaisha.

Chesisi ni hesabu nyingine. Uingereza ziko karakana zinazounda chesisi mpya na kuizamisha kwenye zinki, lakini kitu cha urefu huo hakisafirishwi kama kifurushi. Kwa wengi njia ya busara ni kuchomelea vipande vilivyooza kwa bati la unene uleule, baada ya kukata hadi kwenye chuma kizima. Atakayekubandikia bati juu ya kutu amekupaka rangi tu.

Sasa gharama. Bei ya tangazo si bei ya spea. Forodha za Afrika Mashariki hutoza kwa thamani inayojumlisha bei, bima na nauli. Tuseme masta silinda ni pauni 40 na kuisafirisha pauni 35. Ushuru unahesabiwa kwenye pauni 75. Ukiwa asilimia 10, unafika 82.50, ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inayotozwa Tanzania Bara na Uganda, au 16 ya Kenya, na kwa hesabu ya 18 umefika pauni 97 na zaidi, kabla ya tozo nyingine na ada ya wakala. Kwa hiyo kuagiza kimojakimoja ni kuwatajirisha wasafirishaji. Wenye magari wa mji mmoja wakikusanya orodha na kuagiza pamoja, nauli inagawanyika. Mtindo huu wa kuagiza pamoja kupitia vikundi vya simu ndio umekuwa duka jipya la Land Rover katika miji mingi. Hakikisheni tu ankara inataja kila kipande kwa namba na bei yake halisi. Ankara ya uongo ikigundulika, mzigo wa wote unakaa.

Kuhusu feki: boksi si ushahidi. Linganisha uzito, namba iliyochorwa kwenye kipande na ukali wa maandishi, na udai risiti. Tanzania malalamiko ya bidhaa bandia hupelekwa Tume ya Ushindani, Kenya kuna mamlaka maalumu ya kupambana nazo. Kwa breki, usukani na magurudumu usikubali kipande ambacho muuzaji hawezi kukutajia nani amekitengeneza.

Neno kwa wenye stoo. Gerezani ya Dar es Salaam, Kirinyaga Road ya Nairobi na kwenye maduka ya zamani ya miji midogo bado kuna maboksi ya vifaa vya umeme vya Lucas na vya breki vya Girling ambayo wenyewe wanayahesabu kuwa takataka. Kabla ya kuyauza kwa kilo, yafungueni, andikeni namba, pigeni picha ya namba hiyo na si ya boksi peke yake, kisha muitafute mtandaoni mjue wenzenu wanauzaje. Semeni ukweli kuhusu mpira na kutu. Mnunuzi wa spea za zamani husamehe kutu, lakini akidanganywa mara moja huwaambia wengine.

Na wewe unayefunga spea mpya, ile mbovu usimpe mtu wa vyuma chakavu mpaka mpya iwe imefungwa na gari limetembea. Ndiyo kipimo pekee fundi wa mashine atakachohitaji kama iliyokuja haikuwa yenyewe.