Je, Kuna Dawa ya Kunyoosha Kiungo Kilichokakamaa?



Katika vijiji vyetu karibu na Eldoret, mzazi mwenye mtoto asiyeweza kunyoosha mguu huambiwa mengi. Mmoja anasema, nunua vidonge. Mwingine anasema, apigwe sindano. Mbuzi anauzwa, pesa zinaisha, na mguu uko vile vile. Hebu tujifunze pamoja dawa inaweza nini na haiwezi nini.

KUKAZA SI KUFUPIKA

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, au mzee aliyepatwa na kiharusi, misuli yake hukaza kwa sababu ubongo hauiongozi sawasawa. Ukiunyoosha mkono wake polepole, unafuata. Huko ni kukaza. Lakini kiungo kikikaa kimekunjwa miezi mingi, misuli na kano hufupika. Hapo hata mtu akiwa usingizini, hakinyooki. Kovu la moto pia huvuta kiungo namna hiyo.

DAWA ZILIZOPO

Kukaza kuna dawa. Baklofeni na diazepamu ni vidonge vya kulegeza misuli. Lakini huleta usingizi, na mtu aliyezoea baklofeni akiiacha ghafla anaweza kushikwa na degedege. Kwa hivyo kipimo ni cha daktari, si cha mwenye duka. Iko pia sindano ya botulini, ambayo hupigwa ndani ya msuli wenyewe. Ni ya bei ghali, na nguvu yake huisha baada ya miezi mitatu hivi. Dawa hizi hazimalizi kazi. Misuli ikilegea, ndio wakati wa kufanya mazoezi.

Misuli iliyokwisha kufupika, hakuna kidonge cha kuirefusha. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha sindano ya kolajinase, lakini ilikuwa ya ugonjwa wa vidole vya mkono uitwao Dupuytren, si ya mguu wa mtoto. Mguu huo unahitaji mazoezi, banzi, plasta, na pengine upasuaji.

SINDANO NAYO HULETA SHIDA

Kwinini ikipigwa kwenye tako au paja huumiza nyama, na kovu gumu linaweza kubaki. Huko Kumi, mashariki mwa Uganda, madaktari wamewafanyia upasuaji watoto wengi wenye makovu ya sindano za tako. Dalili ni kwamba mtoto hawezi kuchuchumaa magoti yakiwa pamoja. Ikiwa ni paja, goti halikunjiki.

Kwa malaria kali, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza artesuneti badala ya kwinini, kwa watu wazima mwaka 2006 na kwa watoto mwaka 2011. Malaria ya kawaida hutibiwa kwa vidonge. Basi tusimsumbue muuguzi atupige sindano, ati ndiyo yenye nguvu.

TUFANYE NINI?

1. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mapema, umwulizie daktari wa mazoezi ya viungo. Wanaweza kumtuma Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, hapa Eldoret.

2. Nyoosha kiungo polepole, shikilia ukihesabu hadi 30, rudia mara kadhaa asubuhi na jioni. Usivute kwa nguvu. Mfupa waweza kuvunjika.

3. Asiyeweza kuamka kitandani ageuzwe mara kwa mara. Mto usikae chini ya goti mchana kutwa.

4. Mama mwenye mtoto kama huyu huchoka. Kikundi kipange zamu ya kumsaidia mazoezi, na akiba ya nauli ya kliniki.

MASWALI YA KUJADILIANA

- Ni nani kijijini kwetu ambaye kiungo chake kimeanza kukaza, na bado kinanyooka?
- Pesa tulizotumia kwa vidonge vya dukani zingetosha nauli ya safari ngapi za kliniki?
- Ni nani ataanza zamu wiki hii?