Somo juu ya teatro: Sotigui Kouyaté na kazi ya mzee

Wanafunzi wenzetu, kila mara tukitayarisha mchezo wa mwisho wa mwaka, wote wanataka kuwa mfalme. Hakuna anayetaka kuwa yule mzee anayeingia mara mbili na kusema maneno matatu. Basi leo tujifunze juu ya mtu aliyejulikana hasa kwa kucheza wazee.

Sotigui Kouyaté alizaliwa Bamako mwaka wa 1936, lakini inchi yake ilikuwa Haute-Volta, ile inayoitwa Burkina Faso tangu 1984. Ukoo wake ni wa magrio, wale wanaotunza historia ya Wamande kwa kinywa. Katika ujana alicheza mpira, tena katika timu ya taifa! Teatro aliianza akiwa mtu mzima, miaka ya 1960.

Mwaka wa 1985, Peter Brook, Mwingereza aliyefanya teatro kule Paris, alionyesha Mahabharata, masimulizi makubwa ya Wahindi, katika mji wa Avignon. Mchezo ulichukua karibu saa tisa. Sotigui alikuwa Bhishma, mzee wa ukoo. Wapenda teatro walimjua tangu hapo. Watu wa sinema wa Ulaya, wengi wao, bado.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Mwenye nafasi kubwa anavuta macho kwa sauti na mikono. Mchezaji wa pembeni anapashwa kusikiliza. Akisikiliza kweli, sisi tunaamini maneno ya mwenzake, sababu yeye ameyaamini mbele yetu. Si kazi ndogo hata kidogo. Jaribu kusimama dakika mbili bila kuchezesha vidole, utaona.

Katika sinema London River ya Rachid Bouchareb (2009), kazi hiyo ndiyo iliwekwa katikati. Tarehe 7 Julai 2005 mabomu yaliua watu 52 London. Ousmane, Mwafrika mwenye kazi ya msitu kule Ufaransa, anakwenda kumtafuta mwana wake, ambaye hakumwona tangu utoto. Anakutana na mama Mwingereza (Brenda Blethyn) anayetafuta binti yake. Yule mama analia, anahangaika, anamwogopa mzee huyu mweusi. Ousmane anasema kidogo sana, anatembea polepole na fimbo yake. Ni ajabu kwetu: mtoto wa magrio, watu wa maneno, alipata sifa kwa kunyamaza.

Mwezi wa Februari 2009, Berlin, alipewa Dubu wa Fedha, zawadi ya mchezaji bora. Alikuwa na miaka 72. Alikufa Paris tarehe 17 Aprili 2010.

Zoezi la kalasi: wanafunzi wawili wakae mbele. Mmoja aeleze habari ya mtoto aliyepotea; wa pili asiseme neno. Wengine wote wamwangalie huyu wa pili, halafu waandike walichoona.